NAMBARI ILIYOPOTEA: JINSI YA KUITAFUTA HADI IPATIKANE

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hawakutuambia mtu afanyeje ikiwa daftari lipo, ila nambari zilizomo ni nusu nusu. Nia ya makala haya ni kulijibu swali hilo. Tutaona jinsi mlinganyo wa mstari ulionyooka unavyoweza kuirudisha nambari iliyokosekana, iwe katika karatasi ya mtihani, katika daftari la muuza omena pale Dunga, au katikati ya ziwa letu, mahali ambapo mpaka wa Kenya na Uganda hauna ua wala kigingi.

Huenda ukauliza, hesabu imeingiaje katika jarida la Chama cha Kiswahili? Hisabati tunafundishwa kwa Kiingereza, na wengi wetu hukariri tu njia za kufanya bila kuzielewa. Majirani zetu wa Tanzania, katika shule za msingi za serikali, husoma somo hilo hilo kwa Kiswahili. Tena maneno yenyewe tumekuwa nayo siku nyingi: hesabu, sifuri, nusu, robo, thuluthi. Hata neno aljebra ni ndugu yao. Limetokana na neno la Kiarabu al-jabr, lililomo katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi, mtaalamu aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Maana yake ni kukirudisha kilichovunjika au kilichopungua mahali pake. Hata kuunga mfupa uliovunjika kuliitwa hivyo. Basi ndugu yangu, kuitafuta nambari iliyopotea ni kazi ya aljebra tangu jadi.

JOZI NI NINI?

Ukitaka kuonyesha mahali pa nukta kwenye karatasi ya grafu, unahitaji nambari mbili. Ya kwanza, tunayoiita x, inakuambia uende kulia au kushoto hatua ngapi. Ya pili, tunayoiita y, inakuambia upande juu au ushuke chini hatua ngapi. Nambari hizo mbili huandikwa pamoja ndani ya mabano, kwa mfano (3, 5). Wenzetu wa Tanzania huziita majira ya nukta. Sisi hapa tutaziita jozi, maana haziachani.

Kumbuka kwamba mpangilio ni muhimu. (3, 5) si sawa na (5, 3). Mtu ukimwelekeza apite njia panda tatu kisha ahesabu nyumba tano, naye apite njia panda tano ahesabu nyumba tatu, atabisha hodi kwa watu wengine kabisa.

Mlinganyo nao ni mizani. Alama ya usawa ndiyo mkono wa mizani hiyo; kilicho upande wa kushoto lazima kilingane na kilicho upande wa kulia. Chukua mlinganyo y = 2x + 1. Je, jozi (3, 7) inaukubali? Weka 3 mahali pa x: mara mbili ya 3 ni 6, ongeza 1, unapata 7. Mizani imetulia. Je, (3, 8)? La. Upande mmja una 8 na mwingine una 7, mizani imelala upande. Kwa hivyo (3, 7) ni jibu la mlinganyo huo, na (3, 8) si jibu.

Ukishaelewa hapo, mengine yote yanafuata. Nambari moja ya jozi ikipotea, mlinganyo unaijua, kwa sababu ni nambari moja tu itakayoituliza mizani. Kazi yako ina hatua tatu:

1. Weka nambari uliyo nayo mahali pa herufi yake.
2. Tatua hadi herufi iliyobaki isimame peke yake.
3. Thibitisha kwa kuirudisha jozi nzima katika mlinganyo.

Hatua ya tatu ndiyo wengi huiruka, ati muda hautoshi. Na hapo ndipo maksi huanguka kama maembe mabivu.

DAFTARI LA MUUZA OMENA

Hebu tuchukue mfano wa nyumbani. Tuseme mama mmoja hununua omena ufuoni Dunga na kuzipeleka soko la Kibuye kwa pikapu ya kukodi. Wamepatana na dereva hivi: shilingi 200 za kuondoka ufuoni, halafu shilingi 30 kwa kila gunia. Malipo ni mwisho wa wiki. Mama anaandika kila safari, lakini siku moja mvua inamnyeshea njiani na wino unatapakaa. Daftari linabaki hivi:

Safari ya kwanza: magunia 4, shilingi 320
Safari ya pili: magunia 7, shilingi ...
Safari ya tatu: magunia ..., shilingi 500
Safari ya nne: magunia 12, shilingi ...
Safari ya tano: magunia ..., shilingi 350

Magunia tuyaite x, na shilingi tuziite y. Mapatano yao kwa lugha ya hesabu ni y = 30x + 200. Kabla ya lolote, tuipime safari ya kwanza ambayo haikuharibika: 30 mara 4 ni 120, ongeza 200, ni 320. Sawa sawa. Mlinganyo wetu ni wa kweli.

Safari ya pili imekosa y. Hii ni rahisi, maana y imekaa peke yake tayari. Weka 7 mahali pa x: 30 mara 7 ni 210, ongeza 200, ni 410. Jozi ni (7, 410).

Safari ya tatu imekosa x. Hapa inabidi kurudi nyuma. Tunaandika 500 = 30x + 200. Tutoe nini kwanza? Fikiria mtu aliyevaa soksi kisha viatu. Akitaka kuvua, ataanza na viatu, yaani kile alichovaa mwisho. Nayo x ilizidishwa kwa 30 kwanza, ndipo ikaongezewa 200. Kwa hivyo tunaondoa 200 kwanza: 300 = 30x. Kisha tunagawanya kwa 30: x = 10. Magunia yalikuwa 10. Thibitisha: 30 mara 10 ni 300, ongeza 200, ni 500. Barabara!

Mwanafunzi mwenye haraka hugawanya 500 kwa 30 moja kwa moja, akaisahau ile 200. Anapata magunia 16 na thuluthi mbili. Sasa jamani, ni nani aliyewahi kukodi pikapu kubeba thuluthi mbili za gunia kwa bei ya kila gunia zima? Jibu lenyewe linapiga kelele kwamba kuna kosa, mradi uwe na masikio ya kulisikia.

Safari ya nne na ya tano nakuachia. Ukipata (12, 560) na (5, 350) umefuzu.

Lakini faida ya mlinganyo haiishii kwenye kujaza mapengo. Tuseme dereva anakuja kudai pesa zake na kusema safari ya pili ilikuwa shilingi 430. Mama hakumbuki vizuri. Je, waanze kupigiana kelele mbele ya wateja? Hakuna haja. Aweke 430 mahali pa y: toa 200, inabaki 230, gawanya kwa 30, unapata 7 na kitu juu yake. Hakuna idadi ya magunia mazima inayoweza kuleta shilingi 430 kwa mapatano yale. Ama dereva amekosea, ama ameongeza kitu ambacho hawakukubaliana. Vyovyote vile, mama ana mahali pa kusimama. Njia ya mwongo ni fupi, na mlinganyo huifupisha zaidi.

Ila tahadhari moja. Mlinganyo huu una nguvu kwa sababu bei haibadiliki kutoka gunia moja hadi jingine. Kama dereva huwapunguzia wenye magunia mengi, basi huo si mstari ulionyooka tena, na ukitumia y = 30x + 200 utapata nambari nzuri isiyo ya kweli. Uliza kwanza kama jambo lenyewe linakwenda kwa mstari.

ALAMA YA KUTOA SI PAMBO

Wakati mwingine mlinganyo huja umechanganya x na y upande mmoja, kwa mfano 2x + 3y = 12. Usishtuke. Hatua ni zile zile.

Jozi (3, ...): mara mbili ya 3 ni 6, kwa hivyo 6 + 3y = 12. Toa 6, 3y = 6, y = 2. Jozi ni (3, 2).

Jozi (0, ...): x imekuwa sifuri, kwa hivyo 3y = 12, y = 4. Hapa ndipo mstari unapoukata mhimili wa y. Jozi (..., 0) nayo inakupa 2x = 12, x = 6, mahali mstari unapoukata mhimili wa x. Nukta hizi mbili ni rahisi kupatikana na zinatosha kuchora mstari mzima kwa rula. Ongeza nukta ya tatu ya kuthibitisha, kama ile (3, 2). Zisipolala kwenye mstari mmoja, moja yao ina kasoro.

Jozi (..., −2): hapa ndipo wengi huteleza. Ziweke nambari hasi ndani ya mabano kwanza: 2x + 3(−2) = 12. Tatu mara hasi mbili ni hasi sita, kwa hivyo 2x − 6 = 12. Ongeza 6 pande zote, 2x = 18, x = 9. Thibitisha: 18 toa 6 ni 12. Aliyeidondosha alama ya kutoa angepata x = 3. Akijaribu kuthibitisha (3, −2) angeona 6 toa 6, yaani sifuri, wala si 12.

Unadhani hako ka alama ni kadogo? Twende ziwani. Mahali popote duniani panatajwa kwa jozi: longitudo, yaani umbali wa mashariki au magharibi, na latitudo, yaani umbali wa kaskazini au kusini mwa ikweta. Kwa kipimo hicho ikweta ndiyo sifuri, nayo inapita karibu nasi sana, pale Maseno kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Kaskazini mwa ikweta latitudo ni chanya, na kusini ni hasi. Mji wa Kisumu uko kusini kidogo, takriban −0.1. Mbita uko takriban nyuzi 34.2 mashariki na −0.42.

Sasa wavuvi waliozimikiwa na injini karibu na Mbita wanapiga simu kuomba msaada. Wanasoma nambari kwenye simu: 34.2 na 0.42. Alama ya kutoa wameiacha. Anayezipokea akizifuata kama zilivyo, atawatafuta kaskazini mwa ikweta, huko upande wa Busia, kwenye nchi kavu, zaidi ya kilomita 90 kutoka walipo! Nambari zote mbili zilikuwa sahihi. Kilichopotea ni kistari kimoja tu. Kwa hivyo mwalimu akikukata maksi kwa sababu ya alama, usinung'unike.

(Watu wa ramani na simu huwa wanaitaja latitudo kwanza kisha longitudo, kinyume cha jozi zetu za darasani. Ndiyo maana nimesisitiza mpangilio.)

MISTARI ISIYOJIBU KILA SWALI

Kuna mistari miwili yenye ukaidi wake. Wa kwanza ni ule wa kulala, kama ikweta yenyewe. Mlinganyo wake ni y = 0. Nikikuuliza, katika mstari huo jozi (34.6, ...) imekosa nini, utajibu sifuri bila kuhesabu. Lakini nikikupa (..., 0) nikutake x, utafanyaje? Aliyesimama kwenye ikweta anaweza kuwa Maseno, anaweza kuwa Nanyuki, anaweza kuwa Kayabwe huko Uganda kwenye barabara ya Masaka. Wote y yao ni sifuri. Jibu sahihi ni kwamba x haiwezi kujulikana kwa habari hiyo pekee.

Wa pili ni mstari wa kusimama. Kisumu na Kakamega ziko karibu kabisa kwenye longitudo moja, takriban 34.75. Mstari unaoziunganisha ni x = 34.75. Hapa x inajulikana daima, na y ndiyo isiyojulikana mpaka uambiwe. Kusema "haiwezekani kujua" si uvivu. Kubuni nambari ili tu nafasi isibaki wazi ndiko kosa.

MPAKA KATIKATI YA MAJI

Sasa tufike mahali ambapo jambo hili limewahi kutoa watu jasho. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Viktoria, na nyingine zote ni za Uganda na Tanzania. Mpaka wetu na Uganda ndani ya ziwa ulielezwa katika agizo la serikali ya Uingereza la mwaka 1926, wakati huo ikitawala pande zote mbili. Agizo lile halikupiga kigingi majini. Lilitumia mistari iliyonyooka.

Linaanza kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini, mahali palipo kusini moja kwa moja mwa ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid. Umeona? Kwa lugha yetu, nukta ya kwanza ya mpaka imeandikwa (..., −1). Ile x haikutajwa kwa nambari! Lakini haijapotea, kwa sababu tumeambiwa mstari unakwenda kaskazini moja kwa moja hadi ncha ya kisiwa. Huo ni mstari wa kusimama, kwa hivyo x ya nukta ile ni x ya ncha ya Pyramid. Mpime kisiwa, umeipata. Kutoka hapo mpaka unaruka kwa mistari iliyonyooka hadi kisiwa cha Ilemba, kisha Kiringiti, kisha Mageta, na kuendelea.

Ni karibu na Pyramid ndipo kilipo kisiwa cha Migingo, jabali lisilofika hata nusu ya uwanja wa kandanda, lililojaa nyumba za mabati. Mwaka 2009 mzozo wa Kenya na Uganda juu yake ulipamba moto, wavuvi wakilalamika kwamba wanakamatwa na kutozwa pesa, hata ikabidi nchi hizo mbili zikubaliane kupeleka wapimaji ziwani. Swali la wapimaji lilikuwa lile lile la darasani: mstari huu, kwenye y hii, x yake ni ngapi?

Tufanye mfano, na nambari hizi ni za mazoezi tu. Tuseme mpaka unapita kwenye nukta mbili, (2, 1) na (6, 9), kipimo kikiwa kilomita kuelekea mashariki na kaskazini. Mashua iko kwenye (4.5, 5). Je, iko upande gani?

Kwanza tuupate mlinganyo. Kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili tumesogea mashariki 4 na kaskazini 8. Yaani kila kilomita 1 ya mashariki, tunapanda 2. Kwa hivyo y ni mara mbili ya x, pamoja na nambari fulani ya kurekebisha. Kwenye (2, 1), mara mbili ya 2 ni 4, lakini y ni 1. Kwa hivyo tunatoa 3. Mlinganyo ni y = 2x − 3. Thibitisha kwa nukta nyingine: 12 toa 3 ni 9. Sawa.

Sasa mpaka uko wapi mahali y ni 5? Andika 5 = 2x − 3. Ongeza 3, 8 = 2x, x = 4. Mpaka uko kwenye 4, mashua iko kwenye 4.5. Iko nusu kilomita mashariki ya mpaka, na mashariki ndiko Kenya. Mvuvi huyo ana haki ya kutandaza nyavu zake. Aliyekosea na kupata x = 5 angesema mvuvi yuko Uganda, na pengine angemlaza korokoroni mtu asiye na hatia.

JIPIME MWENYEWE

1. y = 4x − 5. Jaza: (3, ...), (..., 15), (−2, ...).
2. 3x + 2y = 18. Jaza: (4, ...), (..., 0), (..., −3).
3. Mwenye mashua anatoza shilingi 600 za mashua na shilingi 100 kwa kila abiria. Kikundi kililipa shilingi 1,400. Walikuwa abiria wangapi?
4. Katika mpaka wetu wa mazoezi, y = 2x − 3, mashua nyingine iko (0.8, −1). Iko upande gani?

Majibu: 1. 7, 5, −13. 2. 3, 6, 8. 3. Abiria 8. 4. Mpaka uko kwenye x = 1, kwa hivyo mashua iko magharibi, upande wa Uganda.

Ukipata yote, hongera. Ukikosa moja, usikate tamaa. Rudi hatua ya kwanza uone ni wapi mizani ililala. Na ukiona mwenzako anahangaika na jedwali lenye mapengo, usimpe jibu tu. Mweleze kwa Kiswahili, polepole, mpaka aweze kulipata mwenyewe. Kuuliza si ujinga, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kwaheri ya kuonana, msomaji, na kila la heri katika mitihani.